Salamu Zilizokula Udalali Wangu

Mimi udalali niliuanzia kwenye ng'ombe, na ukiniuliza leo nitakwambia udalali wa kweli ni ule. Huu wa viwanja na nyumba ulinikuta njiani. Zamani Bariadi pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika, na ghala lilikuwa la chama, na mizani ilikuwa ya chama. Kisha soko likaachiwa. Tukaanza kuona magari tusiyoyajua, watu wenye mizani yao na fedha zao, na kila mmoja anataka mahali pa kujenga ghala, kando ya barabara, na anataka leo leo. Sasa watu hawa wamuulize nani? Walikuja mnadani kutuuliza sisi, kwa sababu anayejua zizi la kila mtu anajua na shamba lake limeishia wapi.

Nikaona, ebo, kumbe ardhi nayo inauzwa kama ng'ombe! Tena haili, haikimbii, haifi njiani. Nikaingia kwa miguu miwili.

Kosa langu ni kwamba niliingia na ujuzi wa mnadani. Mnadani kwetu kazi ya kwanza ya dalali si bei. Kazi ya kwanza ni salamu. Wasukuma wawili hawauziani ng'ombe wakiwa hawajajuana. Unawasimamisha, unawaacha wasalimiane mpaka salamu ziishe zenyewe: umeamkaje, unatoka wapi, wewe ni mtoto wa nani, ukoo wenu upi, mvua huko zimeanza? Salamu zikiwa ndefu bei inalainika, maana mtu uliyemuuliza habari za mama yake huwezi tena kumtajia bei ya kijinga. Nilikuwa hodari wa kuzichochea. Zikipoa, natupia swali jingine, zinawaka tena. Wenzangu walinitania kwamba ningeweza kumuuzia mtu ng'ombe wake mwenyewe.

Wakati huo mimi na mke wangu tulikuwa tumepanga chumba kimoja nyuma ya soko, sisi na watoto. Mke wangu alikuwa anauza dagaa. Yule mwanamke ana mdomo, na ana mikono pia. Tulikuwa na kiwanja chetu upande wa Somanda, na kiangazi chote alikuwa anatoka sokoni anakwenda kukanyaga udongo na kufyatua tofali. Tofali mbichi, za kuchoma hatukuziweza. Kuta zikapanda mpaka usawa wa kuezekea, zikasimama hapo zikisubiri mabati. Kila mtu anayeijua nyumba ya tofali mbichi anajua habari yake: ukiiwahi kabla ya mvua una nyumba, usipoiwahi una tope. Mke wangu alikuwa akitazama mawingu kila asubuhi, halafu ananitazama mimi.

Basi nikapata mteja. Mwanamume wa makamo, mnunuzi wa pamba, kwao Shishiyu lakini amekaa Mwanza miaka mingi mpaka Kiswahili chake kimekuwa cha haraka haraka. Alitaka kiwanja barabara ya Maswa. Nilikuwa nacho. Kulikuwa na mama mmoja mjane, mtu mzima sana, sisi sote tulimwita mayu, yaani mama. Alikuwa na eneo refu linaloanzia barabarani na kushuka hadi bondeni kwenye majaruba ya mpunga. Nyumba yake ilikuwa nyuma. Sehemu ile ya mbele, ya barabarani, alitaka kuiuza, anunue ng'ombe wa maziwa, maana nguvu za kulima pamba zilikuwa zimemwisha. Tulikubaliana vizuri kabisa. Akiuza, anatoa asilimia kumi, ananipa mimi. Bei aliitaja yeye, mteja akaisikia kwangu na akaikubali kabla hata hajamwona. Ilibaki wakutane, washikane mikono, pesa itoke.

Nilikwenda dukani kuulizia mabati. Sikununua, niliulizia tu. Nikayapapasa, nikayagonga yakalia. Nikarudi nikamwambia mke wangu, "Andaa misumari."

Siku ya kukutana nikampeleka yule bwana asubuhi. Tukamkuta mayu ameketi kwenye mkeka anapepeta mpunga. Bwana akataka kuanza na biashara, kimwanza mwanza: "Mama shikamoo, nimekuja kwa kile kiwanja." Mimi nikamkata. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Taratibu bwana. Huyu ni mtu wa zamani. Msalimie Kisukuma, msalimie mpaka mwisho."

Ni mimi niliyesema maneno hayo. Hakuna aliyenituma.

Akamsalimia. "Mwangaluka mayu." Mayu akaacha ungo, akaitikia, uso ukamkunjuka. Akamuuliza anatoka wapi. Shishiyu. Shishiyu upande upi? Akamweleza. Wa ukoo gani? Akautaja. Mayu akaacha maswali, akawa anamwangalia masikio. Mimi nikaona salamu zinapoa, na mnadani sikuzoea kuziacha zipoe, nikatupia kuni: "Muulize, mayu, muulize baba yake aliitwa nani, hawa watu wa Shishiyu wana habari ndefu!"

Akamuuliza. Yule bwana akamtaja baba yake, akasema alikuwa mtu wa ng'ombe, alihama nao kufuata malisho kuelekea Geita, akafia huko, na yeye na nduguze wakarudi Shishiyu wakiwa wakubwa.

Mayu akapiga yowe. Nilidhani ameng'atwa na nyoka. Akainuka, mpunga ukamwagika, akamshika yule mwanamume mashavu yote mawili. "Ng'wanawane! Mwanangu! Huyo ni kaka yangu, tumbo moja!" Kaka yake alihama na ng'ombe yeye akiwa msichana, na habari zake zikapotelea huko. Alilia, yule bwana naye akalia, na mimi, Mungu anisamehe, nikalia pia. Ilikuwa jambo zuri. Nililia huku nahesabu mabati.

Akachinja jogoo. Tukala. Baada ya kula nikakohoa, nikasema haya sasa, turudi kwenye ile shughuli yetu ya kiwanja. Mayu akanishangaa sana.

"Shughuli gani? Nimuuzie mtoto wa kwetu? Mahali pa kuweka pamba yake nimempa. Ajenge."

Nikamgeukia mteja wangu. Mteja wangu alikuwa anatazama mifupa ya kuku kwenye sahani.

"Mayu," nikasema, "na mimi je?"

"Wewe umefanya jambo kubwa, baba. Wabeja. Mungu akuongezee."

Yaani nimetoka pale na asante! Nilitembea hadi soko nikiongea peke yangu. Mke wangu aliponisikiliza hadi mwisho aliweka chini kisado cha dagaa, akaniuliza swali moja tu: "Nani alikwambia uwaulize ukoo?"

Baadaye kidogo nikasikia yule bwana amempelekea mayu ng'ombe wawili na blanketi. Nikasema alaa! Sasa hiyo si bei? Mtu anataka ng'ombe, anatoa ardhi, anapata ng'ombe, huko ni kupewa? Hapo ndipo hasira ilinipanda kweli. Nikaenda kushitaki kwa balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye alikuwa fundi baiskeli na kesi zote alizisikiliza palepale kwenye kazi yake, mikono ina grisi na gurudumu limegeuzwa juu.

Nilisema nikalegea. Nikasema mimi ndiye niliyempata mteja, mimi ndiye niliyempeleka, bei ilishakubalika, na ng'ombe wamefika, hayo ni mauzo na mauzo yana dalali wake. Balozi akamuuliza mayu. Mayu akasema hakuuza, na ng'ombe ni heshima ya mtoto kwa shangazi. Akamuuliza yule bwana. Yule bwana, shati jeupe, akasimama vizuri, akasema mbele ya watu wote:

"Balozi, mimi sijanunua kitu. Mimi ni mtoto nimepewa na shangazi mahali pa kuweka pamba. Hapa hakuna mauzo, na mtu asitafute udalali kwenye undugu wa watu."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Maneno mazuri hayo, nani atayapinga? Balozi akapangusa mikono, akaamua: si mauzo, hakuna udalali. Akaniambia niache kugombanisha ndugu waliopotezana. Nikamwambia amenunuliwa. Akaniambia niondoke kabla hajanirushia spana.

Mvua zikaja zikatukuta hivyo. Tulifunika kuta kwa mabua ya mtama na maturubai ya kuazima. Ukuta wa upande wa mlango ulistahimili, ule wa nyuma ukalala chini na wa chumba cha watoto ukaufuata. Mke wangu alikwenda kuangalia, akarudi, akaendelea kuuza dagaa. Kiangazi kilichofuata alirudi kukanyaga udongo, akaziinua tena. Tukafunika tena kwa mabua, zikaanguka nusu. Ikawa ndiyo kazi yetu ya kila mwaka. Mimi nilikuwa napata udalali mdogo mdogo, wa chumba cha kupanga, wa mbuzi, nao uliishia kwenye ada na unga. Na kila aliyekaa nami aliisikia hadithi ya barabara ya Maswa. Nilikuwa simuachi mtu. Nilisema yale yalikuwa mauzo, nilidhulumiwa, balozi alipindisha. Ilifika mahali watu wakiniona wanasema, "Haya, leo usituanzie na mauzo yako."

Ghala lilisimama. Misimu ya kwanza lilijaa pamba mpaka mlangoni. Kisha bei ya pamba ikaanza kuyumba, wanunuzi wakawa wengi kuliko pamba yenyewe, na yule bwana akakopa huku ili alipe kule. Mayu hakuwa na habari. Sehemu ya mbele ambayo haikujengwa aliendelea kupanda viazi vyake.

Mchana mmoja narudi kutoka mnadani, nakuta gari dogo la mizigo kwenye kiwanja chetu cha Somanda na mke wangu amesimama kando yake. Chini, juu ya magogo yaliyopangwa yasiguse udongo, kuna mabati. Mapya. Yanang'aa mpaka unakunja macho. Yule bwana wa Shishiyu amekaa kwenye tofali ananisubiri, shati si jeupe tena kama zamani.

Akasema, "Kaka, haki yako hii. Nilikukosea siku ile. Hesabu, ni udalali wako wote na cha juu yake."

Nilimjua. Nikakaa nikangoja iliyobaki.

Iliyobaki ilikuwa hivi. Alikuwa amepata tajiri kutoka Mwanza wa kununua ghala na kiwanja chote cha mbele, kuanzia barabarani hadi uani kwa mayu. Tajiri hataki kununua kitu cha kupewa, anataka kijulikane kwamba kilinunuliwa. Kesho yake wangekutana kwa balozi, tajiri athibitishiwe mbele ya mashahidi. Shahidi aliyebaki nje ya undugu wao ni mimi.

"Sikuombi useme uongo," akaniambia. "Sema kile kile ulichosema siku ile. Sema yalikuwa mauzo na wewe ndiye dalali. Si ndicho unachokisema mji mzima mpaka leo?"

Ndicho. Hapo alinibana kweli. Akaondoka, mabati akayaacha.

Jioni ile mke wangu hakutulia. Alikuwa anazunguka yale mabati, anayafuta vumbi kwa kanga, vumbi lenyewe halikuwepo. Hatimaye akasema, "Ulisema ni mauzo. Mimi nilikuamini. Basi hii si ni haki yetu?" Nikamwambia ndiyo, ni haki yetu. Akaniuliza, "Na mama yule atalima wapi viazi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Na mimi nitalala wapi?" Nikamwambia sijui, na nikamkaripia bure.

Nilikuwa nachukia. Niseme wazi. Nilimchukia yule bwana, nilimchukia na mayu kwa lile neno la wabeja. Nilikwenda kwa balozi kesho yake nikiwa sijui mdomo wangu utatoa nini.

Balozi alikuwa palepale, amezeeka kidogo, baiskeli nyingine imegeuzwa juu. Tajiri wa Mwanza alikuwa amepewa kiti. Mayu alikuwa ameitwa, ameketi chini na fimbo yake, haelewi kwa nini asubuhi watu walipima shamba lake la viazi kwa kamba. Yule bwana akaeleza kwa ufasaha: kwamba alinunua, kwamba alilipa ng'ombe wawili na blanketi, kwamba ule undugu ulikuwa juu ya biashara na haukuifuta biashara. Mayu alimsikiliza akiwa ameweka mkono mdomoni. Hakulia. Alisema tu, "Mwanangu," kama mtu anayemwita aliye mbali.

Balozi akanigeukia. "Wewe dalali. Siku ile ulisema nini?"

"Nilisema ni mauzo."

Yule bwana akaitikia kwa kichwa, kwa furaha. Tajiri naye akaitikia. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya watu na beseni lake la dagaa, nilimwona.

Nikamuuliza balozi, "Na wewe uliamua nini?"

"Niliamua si mauzo."

"Kwa maneno ya nani?"

Balozi akafikiri. Kisha akamwonyesha yule bwana kwa spana. "Ya huyu. Alisimama hapo hapo, akasema hajanunua kitu, amepewa na shangazi yake."

"Basi," nikasema, na sauti ilinitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka, "mimi nilishindwa kesi hii. Nilishindwa mbele ya watu wote, na ukataka kunirushia spana. Sikukata rufaa popote. Mtu aliyeshindwa ana udalali gani wa kudai? Huyu bwana alishinda. Abaki na ushindi wake. Hakununua. Amepewa. Na aliyepewa pa kuweka pamba hawezi kupauza."

Tajiri wa Mwanza hakuwa mjinga. Alisimama, akajikung'uta suruali, akaaga kila mtu kwa adabu, akaenda kwenye gari lake. Yule bwana akatoka mbio nyuma yake. Balozi akarudia uamuzi wake ule ule wa zamani, neno kwa neno, na safari hii nilimsikiliza nikaona kumbe ulikuwa uamuzi wa maana tu. Uliniuma kama siku ya kwanza.

Mayu aliinuka akaja mpaka nilipokuwa. Nilifikiri ananiletea wabeja nyingine, nikajiandaa. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kisha akaenda zake kwenye viazi.

Lile gari dogo likafika Somanda kabla yetu, kuchukua mabati. Dereva alikuwa hana shida na mtu, alituambia tu ameagizwa ayarudishe. Mimi na mke wangu tukayapakia wenyewe. Mmoja anashika upande huu, mwingine upande ule, tunainua, tunasukuma. Nilikuwa nangoja anitukane. Nilikuwa nimeshapanga na majibu. Hakunitukana. Katikati ya kazi alisema, "Yaani kesi moja umeshindwa mara mbili," akacheka, kicheko chenyewe kikakatika, tukaendelea kupakia.

Likabaki bati la mwisho. Tuliliinua hadi ukingo wa gari, mimi nikasukuma, halikwenda. Nikatazama nikaona mke wangu hajaachia upande wake. Amelikumbatia kifuani, na nyuma yake kuta zake zimesimama wazi, mawingu yameanza kukusanyika upande wa ziwa.

"Liachie," nikamwambia.

"Ninaliachia," akasema. "Niache nilishike kidogo."